Mfumo Uitwao Utu

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinijia ofisini amekumbatia kompyuta mpakato ya mtumba. Alikuwa ameweka mfumo endeshi wa Ubuntu, na kompyuta ikagoma kuitambua kadi ya intaneti isiyotumia waya. Aliwauliza wenzake wa mwaka wa tatu, mabingwa wa programu huria. Wa kwanza alimwambia Ubuntu ni ya watoto, aweke Debian. Wa pili akasema Debian ni ya wazee, aweke Arch. Wa tatu alidai kuwa Linux yote ni vurugu tupu na mtu makini hutumia FreeBSD. Wa nne alimwamuru akasome mwongozo. Swali lake hakulijibu mtu. Tulilimaliza kwa robo saa. Ilikosekana programu moja ndogo ya kuiendesha kadi ile. Alipokuwa akifunga begi aliniuliza, "Mwalimu, hawa kaka zangu wanagombania nini hasa?" Nilimpa jibu la kukwepa. Ninajaribu tena hapa.

Kwa wasioijua dunia hii, mfumo endeshi ni ile programu mama inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Ukiwa huria, msimbo wake uko wazi: yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Linux ndio mashuhuri zaidi, na kiini chake ndicho kinachoendesha simu za Android, kwa hiyo wengi mnaosoma makala haya ni watumiaji wa Linux bila kujitambua. Upo pia ukoo wa BSD, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Linux nayo ina matoleo mengi. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya Debian hiyo hiyo. Jina lenyewe limetoka katika lugha za Kinguni, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni utu. Kijana yule alidharauliwa kwa kutumia mfumo uitwao utu.

Si kwamba mabishano yote ni ya kipuuzi. Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mtunzi wa mfumo wa Minix, alitangaza hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati tangu kuzaliwa, kwa sababu kiini chake kilikuwa pande moja kubwa badala ya vipande vidogo vinavyojitegemea. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 22, alimjibu kwa ukali, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyotumia. Profesa naye alimweleza kuwa angekuwa mwanafunzi wake asingepata alama nzuri. (Sisi walimu tuna silaha moja tu, na tunaitumia hata pasipostahili.) Hata hivyo, soma mjadala ule leo utaona hoja: gharama, kasi, uwezekano wa kuhamisha mfumo kutoka kompyuta ya aina moja hadi nyingine.

Ugomvi wa leseni nao nauheshimu, na ningependa wanafunzi wa sayansi ya siasa waujue. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, aliandika leseni inayosema: chukua, badilisha, lakini ukisambaza kazi yako uitoe kwa uhuru ule ule ulioupokea. Leseni ya BSD inasema: chukua, fanya utakalo, hifadhi tu jina la mwenye haki. Kampuni ya Apple ilichukua msimbo wa BSD ikaujengea mfumo wake inaouza, na haikuvunja sharti lolote. Je, uhuru ni ule unaojilinda dhidi ya wanaotaka kuufunga, au ule usiomwekea mtu sharti? Mimi naegemea upande wa kwanza, hasa pale kazi inapogharimiwa na kodi ya wananchi. Nawaelewa walio upande wa pili. Wanaamini kwamba zawadi yenye masharti si zawadi.

Basi turudi kwa wale kaka wanne. Hakuna hata mmoja wao aliyetaja leseni wala kiini. Walichokuwa wakigawana ni vyeo: nani mgumu, nani laini, nani wa jana. Ni Simba na Yanga bila mpira. Na jambo linalonishangaza ni kwamba katika ulimwengu huu mgawanyiko haumpunguzii mtu kitu. Mwaka 1995 Theo de Raadt, baada ya kukosana na wenzake wa NetBSD, alianzisha OpenBSD. Humo ndimo ilimozaliwa, mwaka 1999, OpenSSH, ambayo leo ndiyo mlango wa kawaida wa kuingilia seva za Linux kwa usalama. Mpenzi wa Linux anayewacheka watu wa BSD hupita kila siku katika mlango walioutengeneza wao. FreeBSD nayo hutumia programu za kuendesha kadi za michoro zilizotoka Linux.

Mwaka 2014 Debian iligawanyika vikali juu ya systemd, programu inayoamsha na kusimamia huduma nyingine kompyuta inapowashwa. Kamati yake ya ufundi ilipiga kura, kura zikalingana, mwenyekiti akaamua. Baadhi ya walioshindwa walijitenga wakaanzisha Devuan, wakiwa na nakala ya kila kitu. Nitajieni chama kimoja cha siasa katika ukanda wetu kinachomruhusu aliyeshindwa kuondoka na mali yote ya chama, na aliyebaki asipungukiwe hata na kiti cha plastiki.

Msimbo, basi, haupungui. Kinachopungua ni saa za watu, na kwetu saa hizo ni chache mno. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa: kutafuta neno la kila kitufe na kila onyo, kisha kulitumia neno lile lile mahali pote. Kazi ya namna hiyo haiishi, kwa sababu kila toleo jipya huja na maneno mapya.

Nami sina mikono safi. Miaka kadhaa iliyopita shule moja ya sekondari ilipata msaada wa kompyuta kuukuu, na mkuu wa shule akatuomba mimi na mwenzangu tuziwekee mfumo wa bure. Jumamosi ya kwanza tulibishana kama iwe Debian au Ubuntu. Ya pili tulibishana kuhusu sura ya skrini, GNOME au nyingine nyepesi zaidi. Ya tatu mwenzangu hakuja, na mimi nilifurahi kwamba nimeshinda. Nilipofika, kompyuta zilikuwa zinawaka: mkuu wa shule alikuwa amemlipa fundi wa mjini, akaziweka nakala za wizi za mfumo wa kibiashara. Mama yule hakunilaumu. Alinikaribisha chai akasema, "Watoto wana mtihani, mwanangu." Vijana wale walimaliza shule bila kujua kwamba wangeweza kufungua mfumo wa kompyuta yao wakauona ndani.

Yule mwanafunzi alirudi juzi. Intaneti inafanya kazi, na sasa anamsaidia mwenzake wa bweni kuweka Ubuntu. Aliniuliza mimi natumia mfumo gani. Nikamwambia natumia Debian, na kabla sijajizuia nilikuwa tayari namweleza kwa nini ni bora kuliko wake.