Kipimo cha tegu kipo, kwa nini hakifiki Mbozi?

Mtoto anaanguka kifafa Mbozi. Mama anambeba hadi zahanati, anaombwa kinyesi, kinapimwa, anajibiwa hana minyoo. Jibu gani hilo? Mabuu ya tegu wa nguruwe yakishaingia ubongoni, kinyesi kitasema nini? Mama anarudi nyumbani na dawa ya maumivu, majirani wanaogopa povu la mwanawe, shule inamkataa, na mwisho mganga ndiye anayepata fedha zake.

Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kutokana naye. Kifafa hicho kinazuilika! Na tangu mwaka 1989 dunia ina kipimo cha damu kinachotambua kingamwili dhidi ya mabuu hayo, na mwenye mabuu mawili au zaidi yaliyo hai ubongoni hakimkosi ila mara chache mno. Baadaye vikaja vipimo vya antijeni, vinavyoonyesha kama mabuu bado yako hai. Kipimo cha haraka, cha damu kidogo, kimeshajaribiwa hapa hapa kusini mwa Tanzania na nchini Zambia. Watu wetu walitoa damu yao. Utafiti ukaandikwa. Zahanati zikabaki na darubini zilezile.

Najua hoja ya wakubwa: kipimo cha damu hakitoshi. Kweli, buu moja au lililokwisha kukauka huweza kukipita, na kingamwili hubaki hata ugonjwa ukishaisha. Picha ya CT ndiyo inayoonyesha ubongo wenyewe. Lakini mashine za CT ziko mijini, na nauli peke yake inammaliza mkulima. Kipimo cha damu ndicho kinachotuambia nani asafiri leo. Kukinyima kijiji kipimo hicho kwa sababu si kamilifu ni ukatili uliovaa koti jeupe.

Tusidanganyane pia kwamba ni adhabu ya wala kitimoto. Nyama isiyoiva humpa mlaji tegu wa utumboni. Mabuu ya ubongoni huletwa na mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mwenye tegu huyo, kwa mikono na maji machafu. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote huugua vilevile.

Na hili ndilo linalonikera zaidi: praziquantel, dawa tunayowagawia watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, hufika hadi kwenye mabuu ya ubongoni, na yakifa ghafla mtoto anaweza kupata degedege. Tunagawa dawa bila kujua ni vichwa vya nani vina mabuu.

Wizara ya Afya iweke kipimo hiki cha damu kwenye bajeti ya wilaya zinazofuga nguruwe, kuanzia Mbozi na Mbulu, na wafadhili waliochukua damu kwa utafiti walipie awamu ya kwanza.