Alamu Itapiga Kelele, Mzigo Utakuwa Umeshaondoka



Mtu akipasuliwa kioo cha gari na mzigo ukaondoka, ushauri wa kwanza anaopewa na kila mtu ni uleule: funga alamu nzuri. Mimi leo napinga. Sisemi alamu haina kazi. Nasema kazi yake siyo ile tunayoifikiria sisi tunaozunguka na mzigo wa wateja siti ya nyuma. Alamu inamsumbua mtu anayetaka kuondoka na gari. Anayekupasulia kioo hana shida na gari yako kabisa, yeye anataka mfuko.

Tuanze na kioo chenyewe, maana wengi hatukijui. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa matabaka mawili na katikati kuna plastiki, ndiyo maana kikipigwa jiwe kinachora ufa kama utando wa buibui lakini kinabaki palepale. Kioo cha mlango kwenye gari zetu nyingi siyo hivyo. Kile kimepitishwa kwenye moto na kupozwa ghafla, kwa hiyo kina nguvu, ila kikigongwa vizuri sehemu moja tu kinasambaratika chote kwa mpigo, kinakuwa punje punje kama chumvi ya mawe. Imefanywa makusudi, ukipata ajali kisikukate kama wembe. Waliotengeneza walifikiria ajali, hawakufikiria mtu mwenye boksi la simu kwenye maegesho.

Sasa pima muda. Kioo kinashuka, mkono unaingia, mfuko unatoka, jamaa anapanda pikipiki iliyokuwa imewashwa. Ni sekunde chache tu. Mlango haujafunguliwa, gari haijawashwa.

Na hapo ndipo alamu nyingi zinapochemka. Mimi sijasomea umeme wa magari, niliishia form four, ila nimekaa sana kwa fundi mmoja nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Alamu za bei ya kawaida zinategemea swichi ya mlango: mlango ukifunguka bila rimoti, inalia. Kioo kikivunjwa na mlango ukabaki umefungwa, swichi haijui kitu. Ndiyo maana unakuta mtu anaapa kwamba alamu yake haikulia hata kidogo, na anasema kweli.

Zile bora kidogo zina sensa ya mshtuko (siyo ile ya kuhesabu watu). Hii inasikia gari ikitikiswa au ikigongwa. Ila sensa hii ina kiwango cha kurekebishwa. Ukiiweka kali, kila bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa ikipita gari inalia, lori likipita inalia, ngurumo ya mvua inalia, usiku wa manane majirani wanakutukana. Unarudi kwa fundi unamwambia apunguze. Anapunguza. Wiki mbili baadaye unarudi tena, anapunguza tena. Mwisho unabaki na alamu ambayo lazima mtu apande juu ya boneti ndipo ishtuke.

Tuseme yako imefungwa vizuri na inalia kioo kikiguswa tu. Inamlilia nani? Siku hizi nani anageuka akisikia alamu ya gari? Tumeizoea kama adhana ya jirani. Kuna dada ninayemfahamu anauza vipodozi. Aliegesha mbele ya mgahawa kuchukua chakula, alamu ikalia kweli, na mlinzi aliisikia. Alipotoka, mlinzi akamwambia kwa utaratibu kabisa, "Nilijua ni ile gari nyeupe inayoliaga kila siku." Huyo mlinzi wala sioni namna ya kumlaumu. Na vibao si tunaviona kila mahali, kwamba gari inaegeshwa kwa hasara ya mwenyewe. Ushuru wa maegesho unalipia nafasi ya kusimama. Haulipii jicho la mtu.

Halafu kuna foleni. Ukiwa umekaa kwenye usukani alamu imezimwa, si ndiyo? Na foleni ndiyo sehemu ambayo gari imesimama, kioo kimeshushwa kwa sababu ya joto, mkoba upo siti ya abiria. Pale alamu ya milioni na gari isiyo na alamu ni sawasawa. Loki milango, mfuko uwe chini miguuni pa siti na siyo juu ya siti, kioo kibaki wazi kidogo tu cha kupitisha hewa.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu sisi siyo madereva wa kawaida. Mtu wa kawaida akiibiwa anapoteza begi lake na laptop yake, anaumia, yanaisha. Sisi kile kilichoko siti ya nyuma mara nyingi kimeshalipiwa. Mteja wa Tegeta ametuma hela asubuhi, mteja wa Dodoma ametuma jana. Mzigo ule siyo wako tena, wewe ni mbebaji tu. Kwa hiyo ukiuacha kwenye gari na kujipa moyo kwamba kuna alamu, unacheza kamari na hela ya mtu ambaye hajui kama anachezewa.

Tupige hesabu ya haraka. Una pea 20 za viatu, umenunua kila pea 27,000, unauza 35,000. Faida kwa pea ni 8,000. Zikiondoka zote umepoteza mtaji wa 540,000. Ili kuurudisha kwa faida ya 8,000 inabidi uuze pea 68. Siyo 20, ni 68, na hapo hujala, hujalipa bando, hujaweka mafuta, na kioo bado hujakibadilisha. Wengi ninaowajua waliofunga biashara ya mtandaoni hawakufunga kwa kukosa wateja. Walipigwa pigo moja la namna hii, wakashindwa kurudisha hela za watu, jina likaharibika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gari ikisimama bila mtu, iwe tupu. Najua ni rahisi kusema. Ila ukikaa chini ukaangalia siku yako utagundua shida inaanzia kwenye ratiba. Wengi tunafanya hivi: asubuhi Kariakoo kubeba mzigo, halafu tunaanza kuzunguka nao. Benki mara moja. Kwa fundi cherehani mara moja. Kula. Kumsalimia shangazi Magomeni. Mwisho kabisa, jioni, ndipo tunakwenda Mbezi kutuma vifurushi vya mikoani pale kituo cha Magufuli. Yaani mzigo umekaa kwenye gari siku nzima na gari imesimama mara tano. Geuza. Shughuli zako zote zisizohusu mzigo zimalize kabla hujanunua. Kariakoo iwe ya mwisho kabla ya kusambaza, ukitoka pale gurudumu lisisimame mpaka mzigo umefika stoo au umekabidhiwa kwenye basi na risiti unayo mkononi. Ukisikia njaa, kula kabla.

Ukilazimika kusimama njiani, nenda na mtu. Mdogo wako, kijana wa jirani, mtu yeyote anayeweza kukaa ndani ya gari ukamlipa nauli na chakula. Gari yenye mtu ndani inamfanya kibaka aangalie gari nyingine. Au mpe bodaboda unayemwamini mzigo kutoka dukani moja kwa moja, wewe uende na gari yako tupu kwenye mambo yako. Kuna watu wanaona bodaboda ni gharama ya ziada wakati gari ipo. Linganisha hiyo nauli na zile pea 68.

Kuna kosa lingine la watu makini kabisa. Mtu anajua mzigo usionekane, kwa hiyo akifika sehemu ya kuegesha anashuka, anafungua buti, anahamisha mifuko kutoka siti ya nyuma anaipanga kwenye buti, anafunga, anaondoka kwa amani. Lakini kama kuna mtu amekaa pale anaangalia, umeshamwonyesha kila kitu: kipo nini, kipo wapi, na kwamba unaondoka. Hamisha mzigo kulekule ulikonunua, kabla hujawasha gari. Ukifika unakokwenda shuka na funguo na simu tu, kama mtu asiye na kitu.

Na hiyo buti yenyewe tusiiamini sana. Wengi wetu tunaendesha IST, Vitz, Passo, Probox. Hizo buti yake ni sehemu ya chumba kilekile cha abiria. Kinachoficha ni ile kava ya juu tu, na gari nyingi zilizotumika ile kava imeshapotea siku nyingi. Kioo cha nyuma kinaonyesha kila kitu, na siti ya nyuma ikilazwa mkono unafika. Kama kava huna, tafuta ya mtumba au weka kitambaa cheusi kinachokaa muda wote, mzigo uwepo usiwepo. Ukikifunika siku ya mzigo tu, umeandika tangazo.

Vitu vidogo navyo vinaongea. Waya wa chaja unaoning'inia unasema kuna simu au pawa benki. Koti lililotupwa juu ya kitu linasema kuna kitu. Na ile mifuko mbadala yenye nembo ya duka, tunayoipenda kwa sababu inatutangaza, ikikaa kwenye siti inamtangazia kila mtu kwamba ndani kuna bidhaa mpya. Mimi mifuko ya nembo naibeba imekunjwa, mzigo nauweka kwenye viroba vya kawaida vya dukani, tunahamishia wakati wa kukabidhi.

Tinti inasaidia kuficha mchana, usiku mtu akiwasha tochi ya simu akaisogeza kwenye kioo anaona. Kuna filamu ngene za usalama zinazoshika vipande kioo kikivunjika, kwa hiyo jamaa anahangaika zaidi kutoboa. Hizo ni nzuri kuliko alamu kwa kazi yetu, ila zinachelewesha tu, hazizuii, na ukizifunga vioo vya milango ukasahau vile vidogo vya pembeni nyuma, ataanzia huko. Rimoti nayo: ukibonyeza, usiondoke mpaka uvute kitasa kwa mkono wako. Wapo wanaozuia mawimbi ya rimoti, gari inabaki wazi na wewe umeshageuka. Hapo hata kioo hakivunjwi.

Bima. Najua kuna mtu anasema, mimi nina bima. Angalia ni ipi. Ile ya lazima kisheria inahusu watu wengine utakaowadhuru, haikulipi kioo wala mzigo. Hata ile kubwa mara nyingi inalipa gari na siyo bidhaa za biashara ulizobeba. Mzigo una bima yake ya usafirishaji. Soma mkataba wako au mpigie wakala wako umuulize swali moja: "Nikivunjiwa kioo, viatu vya kuuza vikaibiwa, mnanilipa?" Jibu alitume kwa maandishi.

Ikishatokea, usiingize mkono ndani kwa hasira. Piga picha kwanza, kioo, siti, na gari ilivyosimama. Nenda kituo cha polisi ukaripoti upate RB, hata kama unaona hawatapata kitu, bila hiyo hakuna bima itakayokusikiliza. Wauza simu, hapa ndipo utajua umuhimu wa kuandika namba za IMEI kabla mzigo haujapanda kwenye gari. Zipo kwenye boksi, na kwenye simu unapiga *#06#. Kupiga picha boksi zote kwa pamoja hakuchukui hata dakika mbili.

Nguo na viatu vilivyobaki kwenye gari usivitume kwa mteja siku hiyo. Zile punje za kioo zinaingia kwenye pindo, kwenye kisigino, kwenye mfuko wa suruali. Kung'uta kimoja kimoja juani. Vya watoto, mimi singeuza kabisa.

Halafu wapigie wateja siku hiyohiyo, kabla hawajakutafuta. Usimwambie bodaboda kapata pancha. Mwambie nimevunjiwa gari, mzigo wako ulikuwemo, nakurudishia hela siku fulani au nakuletea mwingine siku fulani, na hiyo siku iwe unayoiweza kweli. Kuna watakaotukana. Kuna watakaokwambia pole dada, nasubiri, na hao ndio wataendelea kununua kwako mwakani.

Mnaofanya kazi Mwanza, Arusha, Mbeya, na ninyi wa Mombasa mnaotusoma huku, mnapangaje siku ya mzigo mkiwa na gari moja na hamna msaidizi? Na kama kuna fundi humu anayefunga filamu za vioo, weka bei ya IST milango minne na vile vidogo vya nyuma, watu wengi wameniuliza.