Mficha uchi hazai: tiba ya ugumba haikomi mimba inaposhika

Muswada wa Teknolojia Saidizi ya Uzazi wa mwaka 2022 ulipopitishwa na Bunge la Taifa mwaka 2025, mazungumzo mengi yaliangukia jambo moja tu: mwanamke kumbebea mwenzake mimba. Wengine waliuona kama mlango wa maovu, wengine kama rehema. Mbunge wa Suba Kaskazini, Millie Odhiambo, ambaye amekuwa akilisukuma suala hili bungeni tangu mwaka 2014, alipongezwa na kulaumiwa kwa pamoja.

Katika kelele hizo kuna swali ambalo halikupata nafasi, nalo ndilo linalowagusa watu wengi zaidi hapa Pwani. Mwanamke aliyehangaika miaka mitano au kumi akitafuta mtoto, akatibiwa, na hatimaye mimba ikashika, je, huwa amevuka? Jamii husema ndiyo. Dua husomwa, mavyaa hutulia, na kila mtu hudhani yaliyobaki ni kuhesabu miezi. Wauguzi na madaktari wa uzazi wanajua kwamba mara nyingi hapo ndipo uangalizi unapotakiwa kuanza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 ikisema kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani mwake. Kipimo chake ni mume na mke kuishi pamoja mwaka mzima bila kinga na mimba isipatikane. Kwa hivyo hili si tatizo la nyumba moja mtaani. Na wala si la mwanamke peke yake, kwani katika karibu nusu ya ndoa hizo mwanamume naye ana sababu yake, ama peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo, neno tasa tumemwachia mwanamke, naye ndiye anayezungushwa kwa waganga huku mumewe hajawahi hata kupimwa mbegu.

Ugonjwa hauondoki kwa kuwa mimba imeingia

Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba kilichozuia mimba huisha mimba ikipatikana. Sivyo. Magonjwa mengi yanayochelewesha uzazi hubaki mwilini na huandamana na mama hadi siku ya kujifungua.

Chukua kile ambacho mabibi zetu hukiita chango. Msichana anaumwa na tumbo la mwezi hadi anakosa shule, anaambiwa avumilie, akizaa litapoa. Baadhi ya maumivu hayo ni endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje ya mji huo. Inakadiriwa kuwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Mwenye ugonjwa huu akishika mimba, uwezekano wa kondo la nyuma kukaa chini na kuziba njia, au wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, huwa mkubwa kuliko kwa wenzake.

Kuna pia tatizo la homoni ambalo hufanya hedhi ipotee kwa miezi, ndevu ziote kidevuni na mayai yasipevuke. Madaktari huliita PCOS, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba lina wanawake kati ya asilimia 10 na 13 walio katika umri wa kuzaa, wengi wao wakiwa hawajui. Mama wa namna hii akipata mimba, hatari ya kisukari cha mimba na ya presha kupanda huongezeka. Fibroidi, zile nyama zinazoota kwenye mji wa mimba, zinaweza kumgeuza mtoto akalala vibaya, zikaleta haja ya upasuaji, au zikasababisha damu nyingi baada ya kuzaa. Na aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kuzitoa ana kovu kwenye mji wa mimba. Kovu hilo lazima daktari alijue kabla ya uchungu kuanza, kwa sababu linaweza kuachia.

Upande wetu wa Afrika una mzigo wake wa ziada. Tangu miaka ya 1980 tafiti zimeonyesha kwamba maambukizi ndiyo chanzo kikubwa cha ugumba huku kuliko sehemu nyingine za dunia. Klamidia na kisonono vinaweza kukaa ndani ya mwanamke bila dalili yoyote, vikaiziba mirija ya uzazi kimyakimya. Maambukizi baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika hufanya vivyo hivyo. Mrija uliojeruhiwa nusu ndio hatari zaidi, maana yai hupita kidogo, likakwama, na mimba ikatunga nje ya mji wa mimba. Mimba hiyo ikipasua mrija, mama anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani.

Halafu kuna kichocho. Watu wa Kwale, Kilifi na Tana River wanakijua kama ugonjwa wa wavulana wanaoogelea mabwawani na kukojoa damu. Kinachosemwa kidogo ni kwamba mayai ya minyoo hiyo hukaa pia kwenye viungo vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda, majimaji na damu. Anayeyaona hudhani ni ugonjwa wa zinaa, mke akatuhumiwa, na dawa anazopewa zisifae kitu. Kichocho cha aina hii kinahusishwa na ugumba, mimba kuharibika na mimba ya nje. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu wajawazito kupewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Kabla ya familia kuuza shamba kutafuta tiba ya laki kadhaa, mwanamke aliyekulia karibu na mito na mabwawa yetu anastahili kuulizwa swali hili moja.

Na tiba nayo ina yake

Historia yenyewe ya upandikizaji wa mimba inatufundisha. Mimba ya kwanza iliyoripotiwa na Robert Edwards na Patrick Steptoe wa Uingereza, mwaka 1976, ilitunga kwenye mrija na haikufika popote. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Julai 1978, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo. Mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Mimba ilipokua, presha ilimpanda, akafanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka salama kwa sababu madaktari walikuwa wamemkazia macho tangu siku ya kwanza. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa upandikizaji mwaka 2006.

Lazima niseme wazi kwamba mimba nyingi zinazopatikana kwa tiba huisha vyema, na watoto wake ni watoto kama wengine. Lakini hatari zipo, na kubwa kuliko zote ni mapacha. Kwetu pacha ni baraka, na mtu aliyelipa pesa nyingi huona ni heri apate wawili kwa mpigo. Kliniki nayo ikipandikiza mimba changa mbili au tatu kwa pamoja, nafasi ya kufaulu mara ile moja huongezeka na jina lake hupaa. Anayelipa gharama ni mama na watoto. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya miezi kutimia, na kwa watatu ni karibu wote. Watoto hao huhitaji mashine za joto, oksijeni na wauguzi usiku kucha. Sweden iliweka kanuni mwaka 2003 kwamba, kwa kawaida, ipandikizwe mimba moja tu na nyingine zihifadhiwe kwenye barafu. Mapacha wakapungua sana, na idadi ya wanawake waliopata watoto haikuporomoka.

Dawa za kuchochea mayai nazo, kama klomifeni, zina hatari hiyo hiyo ya mapacha. Anayezimeza kwa kuelekezwa na shoga yake, bila kupigwa picha ya mayai na bila mumewe kupimwa, anacheza bahati nasibu na mwili wake. Zaidi ya hayo, wengi hufika kwenye tiba wakiwa na miaka 38 au 40, na umri huo peke yake huongeza uwezekano wa mimba kuharibika na wa presha.

Siri inavyogharimu

Haya yote yana namna ya kushughulikiwa, na mengi hayahitaji mitambo. Mwenye hatari kubwa ya presha ya mimba anaweza kuanzishiwa aspirini ya dozi ndogo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Kisukari hupimwa. Picha ya mapema, karibu wiki ya sita au ya saba, huonyesha kama mimba iko ndani ya mji wake na kama ni moja au mbili. Mwenye mapacha au mwenye kovu hupangiwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu na chumba cha watoto wachanga, badala ya zahanati ya kijijini.

Ila muuguzi hawezi kumlinda mama dhidi ya jambo asilolijua. Na hapa ndipo tunapojiponza. Mwanamke aliyetibiwa hufika kliniki akiwa na miezi mitano, kwa kuogopa jicho la watu mimba ikiwa changa. Akiulizwa kama alitumia dawa yoyote, hujibu hapana. Upasuaji wa fibroidi hautajwi, mimba mbili zilizoharibika hazitajwi, na kijitabu chake cha kliniki huandikwa kama cha mama mwingine yeyote. Anaogopa kwamba habari itatoka chumbani humo, ifike kwa wifi, na mtoto aitwe wa chupa. Hofu hiyo si ya kubuni, kwani tumeisikia midomo yetu wenyewe ikisema. Lakini Kenya bado inabeba takwimu ya vifo vya akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kwa mujibu wa sensa ya 2019. Hatuna nafasi ya kuongeza siri juu ya upungufu tulio nao.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika miji yetu ya Pwani, aibu hii haina hata msingi wa dini. Sheikh Jad al-Haq, akiwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1980 ya kuruhusu upandikizaji kwa masharti, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 likakubali mbegu ya mume na yai la mke kuunganishwa nje na kurudishwa kwa mke huyo huyo, ndoa ikiwa hai. Kilichokatazwa ni kumwingiza mtu wa tatu, na hapo ndipo hoja ya kubebeana mimba ilipo. Wanandoa waliofuata njia iliyoruhusiwa hawana la kujificha.

Nini kifanyike

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi. Hata hivyo, gharama ya upandikizaji, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa laki nne na kuendelea kwa mara moja, imebaki mfukoni mwa familia, na wengi wa Pwani huongezea nauli na malazi ya Nairobi. Si haki kuiambia serikali ya kaunti ijenge maabara ya upandikizaji kesho wakati vyumba vya watoto wachanga havitoshi. Kuna mambo yaliyo karibu zaidi na uwezo wake: kupima na kutibu maambukizi ya zinaa kwa mke na mume pamoja, kutafuta kichocho kwa wanawake wazima badala ya kukomea shuleni, kupima mbegu za wanaume katika hospitali za kaunti, na kuwa na siku maalumu ya kliniki kwa wajawazito waliowahi kutibiwa ugumba, ambapo mazungumzo hufanyika mlango ukiwa umefungwa.

Sheria nayo isikomee kwa nani anambebea nani. Maseneta wetu wa Pwani waulize: kliniki itaruhusiwa kupandikiza mimba ngapi kwa mara moja? Itatangaza idadi ya walioshika mimba, au idadi ya waliorudi nyumbani na mtoto mzima? Mama akitoka kwao na mimba ya wiki nane, atapewa barua ya kumpelekea muuguzi wa Msambweni, Malindi au Lamu? Kliniki inayojisifu kwa mimba bila kueleza zilivyoishia imetoa nusu ya hesabu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo kuna anayeuficha na akashika mimba, lakini bado ana miezi tisa mbele yake. Kama ni wewe, ndugu msomaji, au ni dada yako, nenda kliniki mara tu mimba inapojulikana, beba kila karatasi ya matibabu uliyo nayo, na umwambie muuguzi yote. Na sisi wengine, tukiulizwa mtoto huyu alipatikanaje, jibu letu litoshe kuwa alizaliwa salama na mama yake yu hai.