Si Laana, Ni Saratani, Tena Hutibika

Ndugu msomaji wa Butula, korodani ikiwa na uvimbe mgumu, hata usiouma, usiseme ni laana ya ukoo. Katika saratani nyingi za korodani, kromosomu namba 12 huwa na kasoro, lakini kasoro hiyo huzuka ndani ya uvimbe wenyewe. Mgonjwa hakuirithi, wala wanawe hawatairithi. Tena si hukumu ya kifo. Tangu Dkt. Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alipoanza kuitibu kwa dawa ya sisplatini mwaka 1974, wengi hupona hata ikiwa imeenea mwilini. Ikiwahiwa, hupona zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Ninachoogopa mimi si kromosomu, ni aibu ya vijana wetu. Jipapase unapooga. Ukigusa uvimbe, nenda hospitali ya Busia wiki hii, usingoje maumivu.