Kwa Hasara ya Mwenye Mali

Sisi tunaopokea mizigo pale stendi ya Msamvu, Morogoro, tunaujua ule mstari wa chini kabisa wa risiti: mzigo unasafiri kwa hasara ya mwenye mali. Wakati unalipa hakuna anayekusomea. Utasomewa siku boksi la televisheni litakaposhuka kutoka Kariakoo likilia kama kayamba.

"Mjomba, hukuona hapa?" kijana wa dirishani anauliza, kidole kwenye mstari. Kwa Waluguru mjomba ni mtu mzito, ana sauti hata juu ya shamba la ukoo. Mjomba wa dirishani hana sauti hata juu ya boksi lake.

Haya, tunaambiwa tulete madai. Risiti ya mzigo, risiti ya EFD ya dukani, kitambulisho, barua, picha za boksi kabla ya kufunguliwa na baada. Risiti yenyewe ya mzigo imeandikwa "boksi 1", basi. Ukitaja kuwa ndani mna televisheni nauli inapanda, lakini kinachoandikwa ni kilekile, boksi 1. Ukikosa picha unaulizwa utathibitishaje kwamba halikutoka Dar limeshavunjika. Ukiwa nazo unaulizwa nani alizipiga.

Na basi lenyewe lina bima! Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRAMIS, utaikuta hai. Tatizo ni kwamba bima inayolazimishwa na sheria ni ya mtu wa tatu, inamwangalia aliyegongwa huko barabarani. Boksi lililolaliwa na gunia la sukari kwenye buti halimo. Bima ya mizigo safarini ipo, makampuni yanaiuza, ila mteja wake ni mwenye kontena, si mama wa Kihonda aliyetumiwa blenda na binti yake. Hata Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo, lakini yeye anasikiliza wenye mgogoro na kampuni ya bima. Sisi hatujafika hata hatua ya kuwa na mgogoro.

Tukijaribu kwingine tunazungushwa. Basi liko chini ya LATRA, vifurushi na vipeto viko chini ya TCRA, bima iko chini ya TIRA. Televisheni iliyopasuka iko chini ya kitanda.

Wenzetu wa milimani ndio msiwaulize. Karoti, njegere na kabichi za Mgeta zinateremka kupitia Mlali, na masika barabara ile haina huruma. Mmoja wao alikuwa amejikakamua akakata bima. Gari lilipolala mtaroni akaambiwa asiguse mzigo mpaka mkaguzi wa hasara aje. Kabichi hizo, jamani, kwenye mvua na jua la Uluguru! Mkaguzi alikuja, siku zake zilipotimia, akakagua, akaandika kwamba kabichi zimeoza.

Wa Kinole nao wana lao. Mdalasini na pilipili manga vikilowa juu ya keria, gunia linafika Dar limekauka kwa nje. Mpokeaji anasaini kwamba mzigo umefika salama, ukungu unaonekana baadaye akifungua. Saini hiyo ndiyo inayotolewa kila akipiga simu.

Hatuombi cha bure. Andikeni kwenye risiti kilichomo na thamani yake, mtuambie palepale dirishani tuongeze kiasi gani ili kikivunjika kilipwe, na nani atalipa. Elfu moja, elfu mbili, tutatoa. Mbona tunatoa kwa makuli, tunatoa kwa bodaboda, na kwa yule anayedai ni mlinzi wa mzigo tusiyejua kaajiriwa na nani. Kwa sasa wenye uwezo wa kusafiri wanaifuata televisheni Kariakoo wenyewe, wanaipakata mpaka Msamvu, na kondakta anawatoza nauli ya kiti cha pili.