Bundi akilia, tusikimbilie jiwe

Bundi akilia karibu na nyumba usiku, kwetu mazungumzo hukatika. Mmoja anatafuta jiwe, mwingine anauliza ni nani katika mtaa anayeroga. Asubuhi ndege yuko chini, amekufa, na mara nyingine jina la mama mzee fulani limekwisha kutajwa. Woga mmoja umeleta hasara mbili: ndege ameuawa, na mtu asiye na kosa amehukumiwa bila ushahidi.

Tunaandika haya tukiifikiria Yangambi, karibu kilometa 100 magharibi ya Kisangani, kando ya mto Congo. Tangu 1933 watafiti wa kilimo wanafanya kazi pale, kwanza chini ya INEAC, leo chini ya INERA. Msitu wake ni hifadhi inayotambuliwa na UNESCO tangu miaka ya 1970. Mnara wa CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, unapima kaboni ambayo msitu unavuta na kutoa. Miti imepata watu wa kuihesabu. Ndege wa usiku nao wapate wao.

Faida iko, na inaanzia shambani. Bundi wanaowinda karibu na mashamba hula panya, wale wale wanaomaliza mpunga na mahindi ya wakaaji. Hatuombi mtu aamini maneno matupu. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya kama donge dogo. Mwalimu aokote donge moja chini ya mti, alifungue kwa kijiti mbele ya wanafunzi. Wataona wenyewe mafuvu na meno ya panya. Hiyo ndiyo kazi ya usiku tunayoiita ulozi.

Faida ya pili ni picha. Oktoba 2021, katika msitu wa Atewa nchini Ghana, wataalamu Joseph Tobias na Robert Williams walimwona bundi mkubwa wa Shelley kwa muda usiofika sekunde 15. Picha walizopiga zilienea duniani, na wanaotetea Atewa dhidi ya uchimbaji wa bauxite wakapata sauti zaidi. Bundi huyo anaishi pia katika misitu ya Congo. Na sisi tuko na wetu: bundi wa Itombwe, Kivu ya Kusini, alijulikana kwa sayansi mwaka 1951, kisha ikapita miaka 45 hadi mwingine kunaswa kwa wavu mwaka 1996, akapigwa picha na kuachiliwa. Nani anajua Yangambi inaficha nini?

 Yangambi iko karibu na ikweta. Mwenye kamera hana baridi kali ya kuogopa pale, ana mvua tu ya kukwepa.

Kuna atakayesema picha hailishi watoto. Ni kweli, ikiwa faida yote inaondoka na mgeni. Kwa hiyo tunaomba INERA, ICCN na Chuo Kikuu cha Kisangani wachague vijana wa Yangambi wanaoujua msitu, wawafundishe kutambua sauti za bundi, kuzirekodi kwa simu na kuandika tarehe na mahali, na wawalipe kwa kila usiku wa kazi. Mgeni akija na kamera, atembee na kijana huyo, amlipe. Na awe na adabu: asimulike macho ya ndege kwa tochi muda mrefu, asisogelee kiota, asitangaze kilipo.

Machifu, wachungaji na mapadri nao wana neno la kusema. Wao ndio wanaosikilizwa pale mtu anapotajwa kuwa mlozi kwa sababu ndege alitua juu ya paa lake. Wakikataa mashitaka hayo mara ya kwanza, hayatafika mara ya pili.

Usiku wa leo bundi atalia tena. Kama kuna mgonjwa nyumbani, apelekwe hospitali. Jiwe halijaponyesha mtu hata mmoja, na panya wanafurahi kila mara linapompata bundi.