Mdhamini Wetu Haulizwi

Ukitaka Mpokomo na Muorma wa Garsen wakubaliane, usianze na habari za malka, njia za mifugo kwenda mtoni, wala mashamba ya mpunga. Waulize mara ya mwisho walisomewa lini hesabu ya ardhi ya jamii. Hapo watatikisa vichwa pamoja.

Sisi watu wa Tana River tumeshikiwa ardhi tangu uhuru. Katiba ya zamani iliiweka mikononi mwa kaunti kansil, eti kwa manufaa yetu. Ikaja Katiba ya 2010, na kifungu cha 63 kikasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa itashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yetu. Mabango ya afisi yakabadilishwa. Sisi ni wanufaika wale wale, na manufaa bado tunayatafuta.

Mwaka 1995, hekta 28,680 za delta ya Mto Tana ziliandikwa jina la TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yakabomoa matuta ya mradi wake wa mpunga, lakini hati haikusombwa na maji. Baadaye ukaletwa mpango wa miwa pamoja na Mumias Sugar, na watu wakaenda kortini. Kesi ya 2010 iliamuliwa Nairobi Februari 2013, Jaji Mumbi Ngugi alipoamuru mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Tulishangilia, ndiyo. Lakini mwaka uliotangulia tulikuwa tumeshauana sisi kwa sisi, wakulima na wafugaji, zaidi ya watu 100 wakazikwa.

Sasa twaambiwa tumepata kinga. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inamkataza mdhamini, yaani serikali ya kaunti, kuuza au kugawa ardhi ambayo haijasajiliwa. Serikali ikiichukua kwa lazima, fidia iwekwe kwenye akaunti maalumu yenye riba, na jamii ikishasajiliwa ikabidhiwe pesa zake. Vizuri sana. Akaunti hiyo iko benki gani? Ina shilingi ngapi? Ukiuliza afisini unaambiwa njoo kesho, na kesho mwenye faili ameenda semina Mombasa.

Basi tuwaachie wazee? Sheria yenyewe inahimiza mizozo ipitie desturi na upatanisho kwanza. Gasa ya Wapokomo na matadeda ya Waorma wanaweza kumaliza ugomvi wa ng'ombe aliyekula mahindi. Lakini mdhamini wa ardhi ya kaunti nzima watamwita barazani kwa mamlaka gani? Akikataa, watamtoza faini ya mbuzi?

Inabaki mahakama. Garsen tuna Mahakama Kuu, hatukatai, na hilo ni afueni kwa waliozoea safari za Malindi. Shida huanza ukishafika. Upande wa pili unauliza: ninyi ni jamii gani, mmesajiliwa wapi, mipaka yenu iko wapi? Usajili wenyewe unataka orodha ya wanajamii, mikutano, kamati ya watu 7 hadi 15, kisha mpimaji. Mfugaji anayefuata mvua na mkulima anayefuata ukingo wa mto watachorewa mpaka mmoja na nani? Na aliyepaswa kutusaidia kusajili ndiye atakayenyang'anywa udhamini siku tukisajiliwa. Haraka ataitoa wapi?

Wenzetu wengine wanasema tunalalamika bure, kwa kuwa katiba inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya wengine. Ni kweli. Ila ruhusa hailipi nauli kutoka Kipini, wala haichapishi viapo. Mdhamini anajitetea kwa wakili anayelipwa kutoka kodi yetu, nasi tunachangishana kumlipa wakili wetu. Kwa hiyo pande zote mbili za kesi tunazigharamia sisi.

Hatuombi makubwa. Kila mwaka mdhamini asimame uwanjani, Garsen na Hola, asome: ardhi ni kiasi gani, nani amekodishwa, fidia imeingia kiasi gani na imekaa wapi. Asiposoma, mahakama imwite yeye kwanza ajieleze, kabla ya sisi kutakiwa kuthibitisha kuwa tupo. Maana msimu wa kura ukifika, hakuna anayetuomba cheti cha usajili.